Kukausha na kuziba uvungu wa nyumba: mwongozo kamili kwa mwenye nyumba wa North Carolina na majirani zake

Mama alipokuja kututembelea Greensboro kutoka Tanga, mwezi wa Julai, siku ya pili tu aliniita jikoni. "Mwanangu, hii nyumba yako inanuka kanga zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi." Nilikuwa nimeishi humo miaka miwili na pua ilishazoea. Nikamjibu kwamba ni zulia. Akanitazama jinsi mama anavyomtazama mtu asiyejua kufua.

Halikuwa zulia, ulikuwa uvungu. Nyumba nyingi za kusini-mashariki mwa Marekani hazikai juu ya jamvi la zege kama za kwetu. Zimenyanyuliwa juu ya kuta fupi za msingi na nguzo za matofali, sakafu ni ya mbao, na kati ya mbao na udongo kuna nafasi ya futi mbili au tatu. Humo ndimo yanamopita mabomba ya maji, nyaya za umeme na mabomba ya hewa ya AC. Mimi nauita uvungu, maana neno tunalo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wao walikuwa na kitanda akilini. Huku kuinama hakutoshi: utatambaa kwa tumbo, na buibui watakupitia shingoni.

Kazi yangu ilichukua wikiendi nne na dola 2,300, kwa nyumba ya mwaka 1972 yenye futi 1,200 za mraba. Kampuni moja ilikuwa imenitajia dola 11,400 kwa kazi hiyo hiyo. Kabla ya hapo nilishapoteza pesa kwa kuanzia mwisho: nilimlipa fundi atoe sufi ya kioo (fiberglass, ya kuzuia joto na baridi) iliyochoka chini ya sakafu na kuweka mpya. Akatoa, akaweka, akaondoka. Baada ya majira mawili ya joto ile mpya ilikuwa inaning'inia vipande vipande, mizito kwa maji. Sufi iliyolowa haizuii baridi wala joto. Ni blanketi bichi ulilolifunga kwenye mbao zako.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na usiupindue: kwanza maji ya nje, halafu udongo, halafu hewa, na vihami joto baadaye kabisa.

Kwa nini uvungu unatoka jasho

Toa chupa ya soda kwenye friji, iweke mezani Dar es Salaam mwezi wa Februari. Dakika tano hazijafika, chupa imelowa na meza imelowa. Soda haijavuja, unyevu uliokuwa hewani umekutana na kitu cha baridi ukageuka maji. Uvungu wa North Carolina mwezi wa Julai ndiyo chupa ile. Udongo una ubaridi wake, mabomba ya AC ni ya baridi zaidi, na kupitia matundu ya ukutani inaingia hewa ya nyuzi 32 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 60. Hewa ya namna hiyo huanza kuacha maji juu ya chochote chenye nyuzi 23 au chini yake. Uvunguni, karibu kila kitu kiko hapo.

Kanuni za zamani zilidai matundu ya hewa, futi moja ya mraba ya tundu kwa kila futi 150 za mraba za uvungu, kwa imani kwamba upepo utakausha. Majira ya baridi hukausha kweli. Majira ya joto matundu yale yale yanaingiza maji. Shirika la Advanced Energy la Raleigh lililifuatilia jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa nyumba 12 za Princeville, mji mdogo wa mashariki ya jimbo ulioanzishwa na watu waliotoka utumwani mwaka 1865 na kufunikwa na mafuriko ya kimbunga Floyd mwaka 1999. Nyumba zilizofungwa uvungu vizuri zilikuwa kavu zaidi, na matumizi ya nishati ya kupasha joto na kupoza yalipungua kwa asilimia 15 au zaidi.

Ukiwa Colorado penye hewa kavu, hesabu yako ni nyingine. Haya ninayoandika ni ya Carolina, Virginia, Georgia, Tennessee, na Kentucky ambako ndugu zetu wengi kutoka Kongo wamehamia.

Kabla hujaingia

Chungulia kwanza ukiwa mlangoni na taa yenye mwanga mkali. Ukiona maji yamesimama na nyaya zinagusa chini, usiingie. Zima umeme wa upande huo au mwite fundi umeme. Ukiona mabomba ya zamani yamefungwa kitambaa cheupe kigumu kama plasta, kiache kama kilivyo, maana kinaweza kuwa na asbesto, na hiyo hupimwa na watu wenye leseni.

Vaa ovaroli ya mikono mirefu, glovu, miwani, pedi za magoti na barakoa ya N95 au bora zaidi ya hapo. Buibui mweusi mwenye doa jekundu tumboni anapenda kona kavu za matofali, na nyoka wa rangi ya shaba huingia kutafuta panya. Usiingie bila mtu juu anayejua kwamba uko chini. Mimi na mke wangu tulikubaliana nigonge sakafu mara mbili kila robo saa. Siku niliyosahau, alishuka na mwiko mkononi.

Kisha pima. Nunua kipima unyevu wa mbao chenye sindano mbili. Hakifiki dola 40. Choma boriti za sakafu sehemu kumi hivi, hasa chini ya bafu, chini ya jiko na kwenye ule ubao unaokaa juu ya ukuta wa msingi. Chini ya asilimia 16, mbao ziko salama. Zikipita 20, kuvu wanaanza kujisikia nyumbani. Zangu zilisoma kati ya 19 na 24, na chini ya bafu 31. Chukua bisibisi ujaribu kuichoma boriti yenyewe: ikiingia kama kwenye muhogo uliochemka, mbao imeoza, na hiyo ni kazi ya seremala kabla ya kazi nyingine yoyote.

Agiza pia kipimo cha radoni, gesi ya asili inayotoka ardhini, isiyo na harufu na inayosababisha saratani ya mapafu. Kiwango ambacho serikali ya Marekani inashauri uchukue hatua ni pikokyuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita. Ukikuta umefika hapo, mwambie fundi wa radoni kabla hujalaza nailoni ya kufunika udongo, kwa sababu bomba lake la kufyonza litapita chini yake.

Hatua ya kwanza: maji ya nje

Hatua hii haina sifa. Hakuna mtu atakayekupigia makofi kwa kusafisha gata, ile mifereji ya pembeni mwa paa, na ndiyo maana wengi wanairuka. Lakini fanya hesabu. Inchi moja ya mvua juu ya paa la futi 1,000 za mraba ni zaidi ya lita 2,300, yaani ndoo kubwa za lita 20 zaidi ya 115. Bomba la kushushia maji likiishia kwenye kona ya nyumba, ndoo hizo zote unazimwaga mwenyewe kando ya msingi.

Safisha gata, kisha refusha kila bomba la kushushia maji mpaka litoke nje futi 6 hadi 10. Halafu tazama mteremko wa udongo kuzunguka nyumba: unatakiwa ushuke angalau inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza. Pale ulipolala au unapoelekea nyumbani, ongeza udongo. Mfinyanzi mwekundu wa hapa unafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa ukishindiliwa haupitishi maji upesi. Mchanga au kokoto zitayapokea maji na kuyapeleka moja kwa moja ukutani. Acha inchi 6 za ukuta wa msingi zionekane juu ya udongo, usifukie mpaka kwenye mbao.

Ukimaliza, subiri mvua kubwa mbili, kisha ingia ukatazame. Mimi nilikuta ile kona ya kaskazini iliyokuwa na tope tangu niinunue nyumba imekauka, na nilikuwa nimetumia dola 90 tu. Kama bado maji yanaingia, utahitaji mfereji wa kokoto wenye bomba la matundu ukutani kwa ndani, unaoelekea kwenye shimo lenye pampu. Hapo mwite mtaalamu.

Hatua ya pili: toa takataka, rekebisha yanayovuja

Toa kila kipande cha mbao kilicholala kwenye udongo. Mafundi wa mwaka 1972 waliacha mabanzi, vigingi na hata gogo zima la mti, na kwa mchwa hiyo ni karamu. Toa sufi iliyolowa ukiifunga kwenye mifuko humo humo. Usiiburute, itakumwagia nyuzi usoni.

Kagua mabomba. Lile la bafu langu lilikuwa linatoa tone moja kila sekunde kadhaa, likidondoka mahali pamoja mpaka limechimba kishimo kwenye udongo kama jungu la uji. Angalia bomba la mashine ya kukaushia nguo: lazima litoke nje ya nyumba kabisa. La kwetu lilikuwa limechomoka, kwa hiyo kila Jumamosi tulikuwa tunapuliza mvuke wa nguo za watu watano chini ya sakafu. Angalia pia bomba la maji ya AC linamwaga wapi.

Ukungu juu ya boriti, ukiwa eneo lisilozidi futi 10 za mraba, unaweza kuusugua mwenyewe kwa brashi, maji na sabuni, kisha ukauacha ukauke. Ukizidi hapo, tafuta watu wa kazi hiyo. Usimpe pesa anayekuuzia dawa ya kunyunyizia peke yake: unyevu ukibaki, ukungu unarudi.

Mwisho wa hatua hii, ziba matobo yote ya sakafu ambamo mabomba na nyaya zinapanda kwenda juu. Tumia povu la kopo la rangi ya chungwa, lile linalozuia moto. Hewa ya joto ndani ya nyumba hupanda na kutokea juu, na nafasi yake inajazwa na hewa ya uvunguni. Harufu ya kanga za mama ilipandia hapo, pembeni mwa bomba la sinki, kwenye tobo ambalo ngumi yangu iliingia.

Hatua ya tatu: nailoni juu ya udongo

Hapa ndipo kazi ilipo. Udongo unaoonekana mkavu bado unatoa mvuke mchana na usiku. Kiwango cha chini cha nailoni ni mil 6, yaani milimita 0.15. Kinatosha kuzuia mvuke, ila ukipiga goti juu ya jiwe kinatoboka. Mimi nilichukua mil 12, nyeupe upande wa juu, na sijutii, kwa sababu taa moja inaangaza uvungu mzima na tone la maji linaonekana kwa mbali.

Sawazisha udongo kwa reki fupi, ondoa mawe yenye ncha. Kata vipande ukiwa nje uani, uviandike namba, uvikunje kama kikoi, kisha uviingize. Anza ukuta ulio mbali na mlango ukirudi nyuma, la sivyo utajifungia mwenyewe kwenye kona. Kipande kikutane na kingine kwa kupandana inchi 12. Kanuni za baadhi ya mahali zinaridhika na 6, lakini gizani, kiwiko kikiuma, inchi 6 hugeuka 3. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu kabla ya kubandika tepu, bandika, kisha pitisha mgongo wa kijiko kikubwa mpaka mapovu yaishe. Tepu iwe ile iliyotengenezwa kwa nailoni hii. Tepu ya kijivu ya kawaida inabanduka mwaka wa kwanza.

Nguzo za matofali ndizo zinazochosha. Kata nailoni kuelekea nguzo, ipitishe pande zote mbili, ifunge tepu nyuma. Kisha chukua kipande kingine, uivishe nguzo kama unavyomvalisha mtoto kanga shingoni: kizunguke, kiende juu angalau inchi 6, na kwa chini kilale juu ya ile ya sakafu. Bana kwa gundi na tepu. Nguzo zangu zilikuwa 14. Ya kwanza ilinichukua saa nzima, ya mwisho dakika 15.

Ukutani, kwanza sugua matofali kwa brashi ya waya. Gundi haishiki vumbi. Panda na nailoni mpaka ibaki inchi 3 kufika kwenye mbao, paka gundi ya poliyurethani mstari mzima, kisha ikaze kwa vipande vya ubao uliotiwa dawa na skrubu za zege. Zile inchi 3 usizifunike kwa chochote, hata kama mkono unawasha. Mchwa wa ardhini wanajenga vichuguu vyao vya udongo kupanda ukutani, na mkaguzi anahitaji kuviona kabla havijagusa mbao.

Asubuhi baada ya kumaliza, niliingia na taa. Chini ya nailoni, upande wa udongo, kulikuwa na matone maelfu yameshikamana kama jasho kwenye paji la uso. Juu ya nailoni, kukavu kabisa. Nililala pale dakika nzima nikitazama tu maji ambayo miaka yote yalikuwa yanapanda kwenye mbao zangu.

Hatua ya nne: kufunga matundu

Kabla hujafunga hata moja, jibu maswali mawili. La kwanza: je, nyumba iko kwenye eneo la mafuriko linalotambuliwa na serikali? Kama ndiyo, baadhi ya matundu ni milango ya maji, yamewekwa ili ukuta usivunjwe na mafuriko, na kisheria huwezi kuyaziba. La pili: je, kuna mashine ya gesi uvunguni, ya kupasha nyumba au ya maji moto, inayovuta hewa ya kuungulia humo humo? Ukiufunga uvungu, moto utakosa hewa na mashine inaweza kutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo inaua watu usingizini. Mashine iwe ya aina inayovuta hewa kwa bomba lake kutoka nje, vinginevyo uache uvungu wazi mpaka uibadilishe. Na uwe na king'ora cha monoksidi ya kaboni juu, karibu na vyumba vya kulala.

Piga simu ofisi ya ukaguzi wa majengo ya kaunti yako uulize kama wanataka kibali. Mimi niliongea nao dakika kumi, wakanieleza wanachokagua, na hawakuwa wakali.

Kufunga kwenyewe ni rahisi. Kata bodi ya povu kwa kipimo cha tundu, isukume ndani, zungushia povu la kopo. Mlango wa kuingilia uwekee mpira pembeni na komeo linalokaza.

Hatua ya tano: vihami joto

Uvungu uliofungwa unahamiwa ukutani, siyo chini ya sakafu, kwa sababu sasa umekuwa sehemu ya nyumba. Nilitumia bodi za povu za inchi 2 zenye karatasi ya fedha usoni, ambazo zinapita kipimo cha R-10 kinachofaa sehemu kubwa ya eneo letu (R ni uwezo wa kuzuia joto lisipite). Soma lebo: povu nyingi haziruhusiwi kukaa wazi bila kufunikwa kwa ajili ya moto, na zinazoruhusiwa zimeandikwa hivyo. Bodi nazo ziache inchi 3 juu kwa ajili ya mkaguzi, na chini zisiguse udongo. Ule ubao wa pembeni, ncha za boriti zinapoishia, niliuwekea vipande vya sufi vinavyochomoka kwa mkono, ili mbao zionekane kila mwaka.

Ukilazimika kuacha uvungu wazi, basi sufi ya R-19 katikati ya boriti, imeegemea mbao za sakafu bila pengo, upande wa karatasi ukitazama juu, ikishikiliwa na fito za waya kila inchi 18 hivi. Nailoni ya chini iweke vilevile. Funga na mabomba ya maji, maana Januari huku yanaganda na kupasuka.

Hatua ya sita: kuikausha hewa iliyobaki

Uvungu uliofungwa na kuachwa hivyo hivyo ni sufuria yenye mfuniko. Kanuni za mfano za Marekani zinakupa njia kadhaa, mbili ndizo za kawaida kwa wenye nyumba, ila vipimo vya jimbo lako vinaweza kutofautiana. Moja ni kuchukua hewa kidogo ya AC, futi moja ya ujazo kwa dakika kwa kila futi 50 za mraba, ambayo kwangu ingekuwa futi 24. Nyingine ni mashine ya kukausha hewa, yenye uwezo wa painti 70 kwa siku kwa kila futi 1,000 za mraba. Nilichagua mashine kwa sababu mwezi wa Oktoba AC inalala, ila mvua hailali.

Iweke juu ya matofali mawili katikati ya uvungu, uichomeke kwenye soketi inayokata umeme yenyewe maji yakigusa, uipange kwenye asilimia 50 hadi 55. Mpira wa maji uteremke mpaka nje. Usitegemee ndoo yake, kwani hutatambaa kila asubuhi kuimwaga. Mashine ya dukani ya chumbani hufa mapema humo, nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya uvungu.

Kwa anayetaka hesabu: nailoni, gundi na tepu dola 690, bodi 520, mashine 860, na mengineyo pamoja na mabomba ya gata 230.

Baada ya hapo

Weka kipima unyevu wa hewa kinachotuma namba jikoni. Wiki ya kwanza ya mashine usishtuke ikisoma 70, mbao zinatoa maji ziliyoyabeba miaka mingi. Kwangu ilichukua majuma matano kushuka chini ya 55, na boriti ya bafuni ilifika 15 baada ya miezi minne. Usiharakishe kukausha kwa nguvu, sakafu ya mbao ikikauka ghafla inapinda na kuacha nyufa.

Namba ikipanda ghafla baada ya kutulia, usianze kuongeza mashine. Tafuta maji: bomba la kushushia maji limechomoka, mpira umeziba, au kuna kinachovuja. Safisha kichujio cha mashine mara mbili kwa mwaka, na ingia mwenyewe kila masika na kila baada ya kimbunga. Mkaguzi wa mchwa akija, mpe taa yako yenye mwanga mkali, mwambie avue viatu vyenye misumari, na umwonyeshe zile inchi 3.